Lipia Jibu Kabla ya Kulipia Spea

Magari mengi yanayotembea Dar es Salaam, Arusha au Mwanza yalianza maisha yao Japani. Huko gari jipya la abiria hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na kadiri linavyozeeka ndivyo ukaguzi huo, unaoitwa shaken, unavyozidi kuwa mzigo kwa mwenyewe. Ndipo linapopelekwa mnadani, likapakiwa melini na kushushwa kwetu. Anayelinunua hapa anaijua bei yake mpaka senti ya mwisho: bei ya mnadani, nauli ya meli, ushuru wa forodha, ushuru wa uchakavu kwa gari lililozidi miaka 8, wakala wa bandari, bima. Asichokijua ni gharama ya miaka 3 inayofuata. Nayo haiji kwa mkupuo: laki mbili leo, laki nne wiki ijayo, milioni moja mwisho wa mwezi, na kila mara unaambiwa hii ndiyo ya mwisho.

Kinachomaliza fedha zaidi katika safari hiyo ni kubahatisha. Spea inabadilishwa kwa hisia, gari linabaki vilevile, inabadilishwa nyingine. Ukitaka kulimiliki gari bovu bila kufilisika, zoea kulipia jibu kwanza, kisha ndipo ulipie spea. Na kabla ya yote mawili, jua ni wapi utakapoishia.

Simama kwa wakati

Ubovu mwingi mkubwa ulikuwa mdogo dakika 20 kabla. Taa za rangi ya njano kwenye dashibodi kwa kawaida zinakuruhusu kufika gereji. Nyekundu zinakutaka usimame. Taa nyekundu ya oili, yenye umbo la kopo linalodondosha tone, ikiwaka gari likiwa linatembea, zima injini mara tu unapopata mahali salama. Injini isiyopata presha ya oili inaweza kunoki ndani ya muda mfupi sana, na hapo hutengenezi tena, unatafuta nyingine.

Geji ya joto ikipanda, zima AC, washa hita iwe kwenye joto kali ili isaidie kutoa joto kwenye injini, na utafute pa kuegesha. Ikifika kwenye nyekundu, zima. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto, maji yake yanaruka kwa presha na kuunguza. Wala usimwage maji baridi juu ya injini inayochemka, chuma kinaweza kupasuka. Subiri ipoe hata kama ni saa nzima.

Taa ya injini ya njano ikiwaka bila kukonyeza, panga siku ya kwenda kupima. Ikikonyeza huku gari linamisi na kutetemeka, petroli isiyoungua inaingia kwenye eksozi na kuunguza masega ya kusafishia moshi. Punguza mwendo, usilibane gari, na usilikokote hivyo kwa wiki nzima.

Andika dalili, usitaje ugonjwa

Wengi wetu tukifika gereji tunasema, "Fundi, nadhani ni pampu." Tangu hapo fundi anatafuta pampu. Mpelekee dalili, tena za kina: linafanya hivyo likiwa baridi au moto? Kwenye foleni au kwenye kasi? Likipanda mlima? Baada ya kujaza mafuta? Lilianza baada ya kazi gani ya mwisho?

Chukua mfano wa gari linalochemsha. Likichemsha kwenye foleni ya Ubungo lakini likatulia ukishaingia barabara kuu, mshukiwa wa kwanza ni feni, kwa sababu kwenye mwendo upepo wenyewe unapooza rejeta. Likitulia mjini lakini likachemsha likipanda mlima wa Kitonga, angalia rejeta iliyoziba, pampu ya maji iliyochoka, au gasketi ya silinda hedi. Likipunguza maji kila siku na chini hakuna tone, maji yanaweza kuwa yanaingia kwenye silinda. Gari baridi ukiliwasha, hozi ya juu ya rejeta ikakaza kama jiwe ndani ya dakika chache kabla maji hayajapata moto, gasketi imeshakuwa mshukiwa mkuu.

Mambo hayo yote umeyapata bila kufungua bolti hata moja. Ongeza na moshi wa eksozi: wa bluu ni oili inayoungua, mweusi ni petroli iliyozidi, mweupe mzito usioisha hata injini ikipata moto ni maji. Vuta kijiti cha oili. Ukikuta rangi ya chai ya maziwa, oili imechanganyika na maji, na gari hilo lisiwashwe tena mpaka lifunguliwe.

Kodi ya kompyuta si jina la spea

Kupima kwa mashine kumekuwa rahisi, na hata wewe unaweza kununua kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani kinachosomeka kwenye simu. Kosa linakuja pale kodi, yaani namba ya hitilafu inayosomwa, inapogeuzwa orodha ya manunuzi. Kodi inakueleza kompyuta imeona nini. Sababu bado inatafutwa kwa mkono.

Mfano mzuri ni P0302, maana yake silinda namba 2 inamisi. Inaweza kuwa plagi, koili, nozeli au kompresheni. Kabla ya kununua koili, chomoa ya silinda ya 2 uiweke kwenye ya 3, na ya 3 uilete kwenye ya 2. Futa kodi, endesha kidogo, pima tena. Ikija P0303, ubovu umehama na koili, kwa hiyo koili ndiyo mbovu na utanunua moja, si nne. Ikibaki P0302, rudia mchezo huohuo kwa plagi. Zikishindikana zote, pima kompresheni. Kazi ya dakika 15 imekuokolea koili tatu.

Kodi nyingine inayosumbua ni P0128, yaani injini inachelewa kupata joto lake. Hapa kwetu sababu mara nyingi inajulikana: fundi fulani aliing'oa themostati. Mafundi wengi wanaamini kwamba nchi ya joto haihitaji kifaa hicho, na gari likichemsha huwa cha kwanza kutolewa. Themostati ndiyo inayoifikisha injini kwenye joto la kazi na kuibakiza hapo. Bila yake injini inakaa baridi muda mrefu, kompyuta inaongeza petroli, matumizi yanapanda na injini inachakaa haraka. Kama yako iling'olewa, irudishe, na badala ya maji ya bomba weka kulanti inayofaa. Maji matupu huleta kutu inayoziba njia za rejeta na kula pampu.

Hata betri ina jibu la bei nafuu kabla ya kununuliwa. Kwa kipima umeme cha kawaida, betri nzima iliyopumzika husoma karibu volti 12.6, injini ikiwaka isome kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Ikibaki 12, tatizo ni altaneta au nyaya zake, na betri mpya nayo itakufa vilevile. Magari mapya zaidi yana kompyuta inayopunguza chaji yenyewe, kwa hiyo pima mara mbili, taa kubwa na feni zikiwa zimewashwa.

Jua ugonjwa unaojulikana wa injini yako

Jina la gari halitoshi, tafuta namba ya injini kwenye kibati au kwenye kadi. IST, Fielder na Premio nyingi za cc 1,500 zinatumia 1NZ-FE, injini ya cheni isiyo na makuu ukiibadilishia oili kwa wakati. Noah, RAV4 na Premio za cc 2,000 za miaka ya 2000 zilizoandikwa D4 zina 1AZ-FSE, ambayo hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Valvu za kuingizia hewa hazisafishwi na petroli, kwa hiyo masizi yanajijenga. Na pampu yake ya presha kubwa ni ghali. Injini ikianza kukosa nguvu na kuzima kwenye mataa, kusafisha masizi kwenye njia ya hewa hutangulia kununua pampu.

Harrier, Ipsum, Kluger na Vanguard za cc 2,400 zina 2AZ-FE. Za mwanzoni zilisumbua kwa meno ya bolti za hedi kulegea kwenye bloku, za baadaye kwa kula oili. Prado na Surf za 1KZ-TE hazipendi joto kabisa, hedi hupasuka. Forester yenye EJ20 inatumia beliti ya taimingi. Ikikatika, valvu zinagongana na pistoni, hivyo hesabu ya kilomita 100,000 isivukwe, na kama hujui ilibadilishwa lini, badilisha sasa.

Kwa giaboksi, tofauti kubwa ni kati ya otomatiki ya kawaida na CVT. X-Trail ya T31 na Vitz nyingi zina CVT, na oili yake ni yake. Aliyemimina oili ya otomatiki ya kawaida kwenye CVT ameanza kuiua. Kabla ya kukubali kwamba giaboksi imekufa, uliza mambo manne: kiasi cha oili kimepimwa? Ni oili sahihi? Ina rangi na harufu gani, na kuna unga wa chuma? Kompyuta ya giaboksi imesomwa? Mara nyingine kinachosumbua ni solenoidi au waya, vitu ambavyo havihitaji boksi zima kushushwa.

Kukaa na fundi

Mazungumzo ya gereji huwa mafupi:

"Bosi, hii ni giaboksi. Tutafute nyingine."

"Umepima nini, fundi?"

"Mimi hizi gari nimezizoea, bosi."

Mazoea yana thamani yake, na fundi mzuri huokoa muda kwa macho na masikio. Lakini kwenye kazi ya zaidi ya laki tano, mazoea yaambatane na kipimo. Mwambie kwa heshima: "Fundi, nitakulipa hela ya kupima peke yake. Ukishapata jibu tuzungumze kazi." Fundi anayejiamini atakubali, maana mara nyingi halipwi kwa kazi ya kutafuta ugonjwa, ndiyo sababu anaruka moja kwa moja kwenye spea. Kwa kazi kubwa zaidi, peleka dalili zilezile kwa fundi wa pili bila kumwambia wa kwanza alisema nini.

Mkishakubaliana, andikeni, hata kwa ujumbe wa simu. Kazi ni ipi, spea zipi, nani ananunua, ufundi shilingi ngapi, lini gari linatoka, na dhamana ya kazi ni siku ngapi. Lipa malipo ya awali ya spea, si ya ufundi wote. Spea za zamani zirudi kwenye buti, hata kama ni chuma chakavu. Piga picha ya kilomita na kiwango cha mafuta unapoliacha gari. Na isitokee kazi ya ziada bila wewe kupigiwa simu na kukubali bei yake.

Kama ni gasketi ya hedi, usikubali gasketi mpya iwekwe juu ya hedi ambayo haijapimwa. Ipelekwe kwa fundi wa mashine ipimwe kama imepinda au ina ufa, isawazishwe, ndipo ifungwe kwa bolti zinazofaa na kukazwa kwa kipimo. Ukikwepa hatua hii, utalipia kazi ileile mara mbili.

Kipya au cha mtumba

Kariakoo na Ilala kwa Dar, au Kirinyaga Road kwa Nairobi, spea moja inaweza kuwa na bei nne. Nenda na namba ya spea iliyotafutwa kwa namba ya chesisi, siyo "nipe ya IST". Gari la jina moja na mwaka mmoja linaweza kuwa na breki au sensa tofauti.

Spea za mtumba kutoka Japani zinafaa kwa vitu ambavyo umri wake unaonekana au unapimika: taa, milango, vioo, rimu, altaneta, hata stelingi raki ukiikagua. Vitu vya kuchakaa nunua vipya: beliti, pampu ya maji, gasketi, boljointi, pedi za breki, hozi. Hapo rahisi ni ghali. Kwenye tairi soma tarakimu nne za mwisho za DOT. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, hata kama muuzaji amelipaka likang'aa.

Ukinunua injini au giaboksi ya mtumba, dai risiti yenye siku za kujaribu, weka alama yako ya rangi mahali pawili ili isibadilishwe, na kabla ya kuifunga fungua kifuniko cha oili utazame kama kuna ukoko mweusi. Injini ina nyongeza: namba yake iko kwenye kadi ya gari. Hifadhi nyaraka za ilikotoka na upeleke mabadiliko Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), la sivyo siku ya kuuza au siku ya ukaguzi utakuwa na maswali. Bima kubwa nayo isikupe matumaini. Inalipia ajali, moto na wizi, uchakavu wa injini haumo.

Fedha ikiwa kidogo, panga foleni

Gari la zamani huwa na orodha. Anza na vinavyoua watu: breki, stelingi, boljointi, tairi. Vifuate vinavyoua injini: mivujo ya maji na oili, beliti ya taimingi, feni. Vya mwisho ni vinavyokera: AC, kelele za bushi, kioo kisichoshuka. Wengi hugeuza foleni hii kwa sababu AC inaudhi kila siku, ilhali pedi zilizoisha hazisemi mpaka siku ya dharura.

Gari ukiamua kulipaki kwanza, lisiachwe hivihivi. Ada ya mwaka ya leseni ya gari Tanzania iliondolewa 2017 na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta, kwa hiyo kwa upande huo gari lililolala halikutozi. Lakini betri inakufa, tairi zinapata bapa na panya wanakula nyaya. Toa waya wa betri, jaza upepo, na kama injini ni salama iwashwe hadi ipate moto kila baada ya wiki mbili hivi.

Hesabu ya kubaki nalo au kuliachia

Hapa ndipo wengi hunaswa na fedha walizokwisha kutoa. "Nimeshatia milioni nne, siwezi kuacha." Milioni nne hizo zimeshakwenda, zitabaki zimekwenda ukitengeneza na zitabaki zimekwenda ukiuza. Zitoe kwenye hesabu.

Tuseme gari lako likiwa zima lingeuzwa milioni 11. Hivi lilivyo, bovu, yupo wa kutoa milioni 6. Tofauti ni milioni 5. Makadirio ya fundi yakiwa milioni 3, ongeza thuluthi kwa yatakayojitokeza baada ya kufungua, inakuwa milioni 4. Bado iko chini ya 5, tengeneza. Makadirio yakiwa milioni 4.5, ukiongeza thuluthi yanakuwa 6, umeshapita tofauti; liuze kama lilivyo. Bei hizo mbili zisitoke kichwani. Waulize wanunuzi wawili au watatu wa magari mabovu, wakiwamo wauza spea wanaochinja magari, maana gari ambalo halifai kutembea linaweza bado kuwa na boksi, rimu na milango inayotafutwa.

Kabla ya kukubali jibu la kuuza, jiulize pia milioni 6 hizo zitakununulia nini. Gari jingine la bei hiyo nalo lina magonjwa, ila huyajui. La kwako unayajua. Kama bodi ni nzima, injini ina kompresheni nzuri na tatizo ni moja lenye jibu la kipimo, mara nyingi kutengeneza kunashinda. Kama matatizo ni matatu yasiyohusiana na kutu imeshika chesisi, limekuaga.

Ukiuza, mwambie mnunuzi ubovu wake na uuandike kwenye mkataba. Bei itashuka kidogo, ila hutapigiwa simu usiku. Kisha hamisheni umiliki TRA siku hiyohiyo. Gari linalotembea kwa jina lako baada ya kuliuza linaweza kukuletea faini na kesi za mtu mwingine.

Daftari la gari

Ukilibakiza, lipe daftari. Tarehe, kilomita, kazi, spea, bei, fundi. Oili kila kilomita 5,000 ni kiwango salama kwa vumbi na foleni zetu. Oili ya giaboksi kati ya 40,000 na 60,000. Oili ya breki kila baada ya miaka 2, kwani hunyonya unyevu na kuchemka kwa urahisi. Tenga kila mwezi kiasi kisichoguswa, hata mwezi ambao gari halijasumbua, na ukitaka kujua kiasi gani, jumlisha gharama za mwaka uliopita ugawe kwa 12.

Kwenye ukurasa wa kwanza andika kiasi cha juu kabisa ambacho uko tayari kutoa mwaka huu, kilichopatikana kwa hesabu ile ya tofauti. Kiandike leo, gari likiwa limetulia na wewe huna haraka. Siku fundi atakapopiga simu kusema, "Bosi, tumefungua tumekuta na hiki," hutahitaji kupiga moyo konde. Utafungua daftari, ujumlishe, na umpe jibu.